Taa Isiyo ya Enzi Zake

Babu alikutwa asubuhi, kifudifudi juu ya meza ya kituo cha polisi ambacho hakikuwa kituo cha polisi. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba zilizopakwa rangi, dirisha lilitazama ukuta mwingine wa mbao, na mlango wa selo haukuwa na selo nyuma yake. Damu peke yake ndiyo iliyokuwa ya kweli. Fundi wa umeme wa studio, aliyeingia wa kwanza, alimtikisa bega akamwambia, "Babu, amka, unatuharibia meza." Kisha akauona mkono wake mwenyewe, akapiga ukelele uliosikika mpaka getini.

Inspekta alifika na Sajini wake, mama mtu mzima aliyekuwa kazini kabla Inspekta hajajua kufunga mkanda wa sare. Daktari wa polisi alikuwa ameshainama juu ya maiti.

"Kapigwa kisogoni," alisema daktari. "Mara moja, kwa kitu kizito chenye ukingo. Jana jioni, watu walipokwisha kutoka kazini."

"Silaha?"

"Hiyo kazi yako. Mimi nimeletewa kichwa tu."

Sajini alipiga magoti, akapekua mikunjo ya chini ya suruali ya marehemu. Alitoa vipande vya kioo vyembamba, akavitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Hivi ni vya balbu, afande."

Inspekta alitupa jicho mezani. Taa ya mezani ilikuwepo, ya bati, rangi ya kijani, na balbu yake ilikuwa nzima. "Hapa ni studio, Sajini. Balbu zinavunjika kila siku."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaona kitu kilichomnogea zaidi. Chini ya meza palikuwa na kofia ya kijivu, ukingo mpana, utepe mweusi. Hapakuwa na mtu mwenye televisheni asiyeijua kofia ile.

Moyo wa Inspekta uliruka kwa furaha. Si jambo zuri kulisema juu ya mtu aliyesimama mbele ya maiti, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sababu yake ni hii. Kwa miaka mingi televisheni ilionyesha tamthilia ya mpelelezi aitwaye Jicho, na mwigizaji wake alizoeleka kwa jina hilo hadi sokoni. Mke wa Inspekta hakukosa kipindi hata kimoja. Siku moja, Inspekta akiwa anakula huku analalamikia kesi iliyomkwama, mkewe alimwambia, "Jicho angeshamkamata huyo." Alisema kwa utani, akasahau. Inspekta hakusahau. Tangu hapo, kila Jicho alipoonyeshwa alikuja kukaa kando ya mkewe na kukosoa. Alama za vidole hazichukuliwi hivyo. Mtuhumiwa hahojiwi hivyo. Hakuna polisi anayevaa kofia ya namna hiyo, ataonekana kituko. Mkewe aliitikia "Mm" bila kugeuza uso. Basi ulikuwa wivu, tusiuzungushe. Mtu mzima, mwenye nyota mabegani, alikuwa anamwonea wivu mtu wa kwenye televisheni.

Na sasa kofia ya mtu huyo ilikuwa chini ya meza, kando ya maiti.

*

Mwongozaji wa tamthilia aliwapa maelezo huku akitafuna kucha.

Jicho alikuwa amezeeka, alisema. Kampuni ikaamua kutengeneza tamthilia mpya ya ujana wake, miaka ya sabini, alipokuwa konstebo asiyejua kitu. Kijana mwingine alipewa nafasi hiyo. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vimeshaonyeshwa, na watu walivipenda mno.

"Na Jicho mwenyewe?"

"Tulimpa nafasi ya mlevi wa mahabusu. Anaonekana mara moja, analala."

"Alifurahi?"

"Alisema asante." Mwongozaji alihamia kidole kingine. "Lakini unajua asante ya namna ile."

"Na marehemu?"

"Babu? Alikuwa mshauri wetu. Polisi mstaafu, alikuwepo enzi zile. Ukimuuliza konstebo alikuwa anashikaje kalamu, anakuonyesha. Magazeti yalisema yeye ndiye aliyetufufulia miaka ya sabini. Kila mtu hapa alimpenda."

Chumba kile cha kuigizia kilikuwa kimezungushiwa utepe, na kibao kimening'inia: USIGUSE, TUNAENDELEA KESHO. Inspekta aliuliza ni cha nini.

"Tulikatiza katikati ya onyesho," alisema Mwongozaji. "Tukirudi, kila kitu lazima kiwe pale pale kilipokuwa. Ukisogeza kikombe, mtazamaji ataona kikombe kinaruka. Kuna dada anapiga picha za kila pembe kabla hatujatoka. Hapa mtu akihamisha hata kalamu, anafukuzwa."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, na maneno yakapita sikio hili yakatokea la pili. Akili yake ilikuwa kwenye kofia.

Mlinzi wa getini alisema waliobaki jioni ile walikuwa watatu: Babu, mzee Jicho, na mbunifu wa mandhari. Jicho alitoka mbio, kichwa wazi. Mbunifu alitoka baadaye, akamuaga vizuri. Babu hakutoka, na mlinzi alidhani amelala humo kama ilivyokuwa desturi yake.

Mbunifu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimebanwa nyuma. Wafanyakazi walimwita Mama Sahihi. Alikuwa amemaliza miaka miwili akitafuta vifungo, vitasa na soketi za miaka ya sabini, na stoo yake ilikuwa na rafu za kila muongo, kila kitu mahali pake. Kwa jicho lake, deski la Inspekta kule kituoni lingekuwa jalala.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Stoo. Napanga vitu."

"Ulisikia ugomvi?"

"Hapana."

"Ulielewana na marehemu?"

"Kila mtu alielewana na Babu." Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Magazeti hayakusema?"

Inspekta alimshukuru, akamwacha. Alikuwa na haraka ya kumpata mwenye kofia.

*

"Mzee, hii kofia ni yako?"

Mzee Jicho alikuwa amekaa chumba cha mahojiano, kile cha kweli, chenye ukuta uliobanduka rangi na kiti kinachocheza mguu mmoja. Bila kofia alionekana mdogo. Inspekta aliliona hilo, akalifurahia.

"Yangu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mlinzi amekuona unatoka mbio."

Mzee alikishika kiti kisicheze.

"Nakuuliza tena, mzee wangu. Ulikuwa wapi?"

"Studio." Mzee alipangusa uso. "Niliingia pale kwenye kituo. Nikakaa kwenye kile kiti."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu."

"Mtu anaingia mahali palipokatazwa, kukaa tu?"

"Lile deski ni la Jicho, Inspekta. Jicho ni mimi. Sasa wamempa mtoto ambaye hata kutembea hajui, na watu wanasema ni bora kuliko mimi. Nilitaka kulikalia mara moja bila mtu kunitazama. Nikasikia Babu anakuja anapiga mluzi. Niliona aibu. Nikapita mlango wa nyuma, kofia ikaanguka, sikurudi."

"Na Babu ulimwacha mzima?"

"Anapiga mluzi, nakwambia."

"Mlikuwa na ugomvi."

"Alisema mbele ya watu kwamba hakuna mpelelezi wa kweli anayezungumza kama mimi." Mzee aliinua macho. "Wewe ni mpelelezi wa kweli. Nilikuwa nakosea sana?"

Jibu la swali lile Inspekta alikuwa nalo tayari siku nyingi, tena refu. Aliisukuma kofia kando.

"Sajini, muweke mahabusu."

Kwenye korido Sajini alimshika mkono. "Afande, na vile vioo?"

"Kofia yake, uongo wake, wivu wake. Unataka nini tena?"

"Silaha."

"Itapatikana."

"Na ukingo wa kofia haupasui kichwa," alisema Sajini, akaenda zake kutekeleza amri.

*

Nyumbani Inspekta hakusubiri hata kuvua viatu.

"Mama watoto, yule Jicho wako nimemweka ndani."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alisimama na shati mkononi, shati la mumewe.

"Amefanya nini?"

"Ameua."

"Amekiri?"

"Bado."

"Kuna aliyemuona?"

"Kofia yake ilikuwa pale. Na alinidanganya."

Mkewe alilikunja lile shati polepole, akaliweka juu ya mengine. "Baba watoto, nikuulize kitu usikasirike. Umemkamata kwa sababu ya kofia, au kwa sababu yangu?"

"Maneno gani hayo?"

"Wewe unajua maneno gani. Yule mzee akifungwa bure, mimi nitakaa na wewe meza moja nikikutazama vipi?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Inspekta angepata pa kushika, wangegombana, wakalala. Alikwenda kuoga, akabaki chini ya maji mpaka yakaisha kwenye tangi. Kama mzee alikuwa hana hatia, basi yeye Inspekta alikuwa amemtupa mtu mahabusu kwa ajili ya kipindi cha televisheni.

*

Asubuhi aliufungua ule mfuko wa vielelezo mwenyewe. Vipande vya balbu, mikunjoni mwa suruali ya marehemu. Balbu ilikuwa imepasuka pale pale alipoanguka. Mbona taa ya mezani ilikuwa nzima?

"Sajini, yule dada wa picha. Zile za kila pembe."

"Nimeshamwita," alisema Sajini. "Yuko nje, anakusubiri wewe uamke."

Dada wa picha alipanga picha zake mezani, na Sajini akaweka kando yake picha za polisi za eneo la tukio. Wakalinganisha. Kikombe kile kile. Kalamu zile zile. Simu nyeusi, pale pale. Kisha kidole cha Sajini kikasimama.

Katika picha za studio, taa ya mezani ilikuwa ya chuma kizito, yenye kitako kipana na shingo ya kukunja. Katika picha za polisi ilikuwa ya bati, ya kijani.

"Hii ya shingo ndefu ni ya Babu," alisema dada wa picha. "Aliileta kutoka kwake, akasema ndiyo aliyokuwa nayo mezani enzi zile. Yule kijana anaipinda anammulika mtuhumiwa usoni. Watu waliipenda, mpaka gazeti liliitaja."

"Na hii ya kijani?"

"Ya Mama Sahihi. Ndiyo aliyoiweka kwanza, Babu akaikataa. Lakini haiwezekani iwe hapo, afande. Onyesho halijaisha. Hakuna anayeruhusiwa kubadilisha."

Inspekta alikaa. Muuaji wa kawaida huichukua silaha akaitupe, na mezani panabaki pengo. Huyu alikuwa ameliziba, tena kwa kitu ambacho aliona kilistahili kuwa pale tangu mwanzo. Mzee Jicho asingejali taa. Alikuwa hata hatazami mezani, alikuwa anataka kiti.

"Sajini, kama wewe ni mtu ambaye hawezi kuweka kitu mahali pasipo pake, silaha yako utaificha wapi?"

"Mahali pake," alisema Sajini.

Waliikuta stoo, rafu ya miaka ya tisini, kati ya simu ya vibonyezo na redio ya kaseti. Imefutwa vizuri, haina balbu. Mtu wa maabara aliifungua shingo pale inapokunjwa, akaingiza pamba, akaitoa ina wekundu.

"Miaka ya tisini," alisema Inspekta. "Kwa nini tisini?"

Sajini alikohoa. "Jana, ulipokwenda nyumbani kujisifu, nilipiga simu kwa wastaafu wawili watatu. Babu hakuwahi kuwa mpelelezi, afande. Alikuwa bendi ya polisi. Tarumbeta, tangu anaajiriwa mpaka anastaafu. Taa ya mpelelezi angeitoa wapi?"

*

Damu kwenye taa ilitosha kuonyesha silaha, si mkono ulioishika. Stoo ile iliingiwa na wengi. Inspekta aliijua mahakama, ingawa alishajua ni nani wa kumshuku. Tena alikuwa ameshamwonea mtu mmoja, na hakutaka tena kwenda mbele ya hakimu na kofia tu.

Alimpa Mama Sahihi onyo lake la kisheria, akamkaribisha kiti, si kile kinachocheza. Juu ya meza aliiweka taa ya Babu, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Tutaizungumzia kidogo taa hii," alisema. "Ni kielelezo muhimu. Nitaandika ni taa ya polisi ya miaka ya sabini, mali ya marehemu."

Mama Sahihi aliitazama.

"Imara kweli. Vitu vya zamani vilitengenezwa kwa moyo. Baba yangu alikuwa nayo hivi hivi."

"Baba yako?"

"Miaka hiyo hiyo ya sabini. Nimekua naiona."

"Haiwezekani."

"Naikumbuka vizuri."

"Hukumbuki kitu. Tazama swichi. Hiyo ni plastiki ya kumimina. Tazama plagi, miguu yake imevikwa plastiki nusu; hiyo ilianza miaka ya themanini. Hii ilitengenezwa miaka ya tisini ili ifanane na ya zamani, kwa ajili ya watu wanaopamba sebule."

"Babu alisema..."

"Babu alikuwa muongo!"

Sauti iligonga ukuta. Nje, kalamu ya Sajini ilisikika ikiacha kuandika.

"Ulimwambia hivyo?" aliuliza Inspekta, taratibu.

"Nilimwambia mara ngapi? Nilimwambia Mwongozaji, nikamwambia kila mtu. Wakacheka. Mama Sahihi na vitabu vyake! Babu alikuwepo, wewe hukuwepo. Alisema mikanda ilikuwa myeupe, tukabadilisha mikanda. Alisema konstebo walipiga saluti kwa mkono wa kushoto wakiwa na huzuni. Kwa mkono wa kushoto! Wakaiweka!"

"Na jioni ile?"

Mikono yake iliuweka sawa ule mfuko wa taa, ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza.

"Aliingia anapiga mluzi. Mimi nilikuwa nimekuja na taa yangu mkononi. Nilitaka kubadilisha, kesho wakirudi wasigundue. Alinikuta. Nilidhani atakasirika. Alicheka. Akasema, 'Binti yangu, najua taa yako ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa napuliza tarumbeta. Lakini nani anataka yenyewe? Watu wanataka tamu.' Akanipigapiga bega, kwa upendo kabisa, akageuka akakaa. Akaniambia nisijisumbue, nikalale."

"Ukaichukua taa yake."

"Ilikuwa karibu."

"Ukampiga."

"Ndiyo."

"Kisha?"

"Kisha nikazoa vioo. Nikaiweka yangu." Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza machozi yalimtoka. "Ilipendeza, Inspekta. Nilisimama pale, yeye amelala, nikaona sasa chumba kimekuwa sawa. Miaka miwili sijawahi kukiona kikiwa sawa. Unanielewa? Mimi nilikuwa sahihi kila siku, kila kitu, na yeye alikuwa anapendwa tu. Nilimwonea wivu. Mtu muongo, na alikuwa anapendwa."

Inspekta aliitazama taa. Alikuwa anaona sebule yake, mke anatazama televisheni, na mwanamume kando yake anakosoa.

"Nakuelewa," alisema. "Nakuelewa zaidi ya unavyodhani." Kisha akamwita Sajini aje kuandika maelezo ya kukiri.

*

Kule mahabusu Inspekta alifungua mlango mwenyewe. Kofia alikuwa ameipiga brashi.

"Mzee wangu, nilikukosea. Samahani."

Mzee Jicho aliivaa, akaiweka upande kidogo kama ilivyojulikana. "Ulikuwa hujanijibu, Inspekta. Ninavyozungumza, nilikuwa nakosea sana?"

"Sana," alisema Inspekta. "Mke wangu anakupenda sana."

Mzee alicheka, akatoka barabarani taratibu, na watu wawili wakasimama kumtazama.

Jioni ile televisheni ilirudia kipindi cha zamani. Inspekta alikuta mkewe ameshakaa. Alimweleza yote, hakujipunguzia kosa, naye mkewe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye kochi.

Katika televisheni Jicho aliinama juu ya bilauri, akatoa leso mfukoni, akaanza kuipangusa kwa unga apate alama za vidole. Inspekta alifungua mdomo. Akaufunga. Ilimuuma, lakini aliufunga.

"Aa, hapo anaharibu," alisema mkewe. "Unga unapakwa kwa brashi, tena laini, vidole visifutike. Leso wapi na wapi?"

Inspekta aligeuka akamtazama. "Umejulia wapi hayo?"

"Wewe si unayasema kila siku?" alijibu mkewe, macho bado kwenye televisheni. "Unafikiri nilikuwa namsikiliza nani?"